Uso wa Faith Kwenye Ubao

Kengele ya mwisho ikilia, Dorkas alikuwa haendi nyumbani moja kwa moja. Alikatiza nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, akapita kando ya mawe makubwa ambapo akina mama wa Mwankoko huanika nguo zao, akaibukia kwenye ghala la vitunguu la mjomba wake. Ghala hilo lilikuwa halina hata kitunguu kimoja tangu mwaka juzi, ila harufu ilikuwa bado haijapewa taarifa ya kuhama. Ndani mlikuwa na meza mbili ndefu, kamba zilizofungwa kutoka ukuta huu hadi ule, na dada Redempta, amejifunga khanga juu ya suruali, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nawa mikono kwanza. Karatasi haipendi vumbi la shuleni."

Redempta alikuwa binti wa mjomba huyo. Alisomea ubunifu chuoni Dar es Salaam, na mwaka huo wa mwisho alirudi Singida kufanya mradi wake: kuchapa picha kwa ubao wa kuchongwa, tena kazi ya watu wengi kwa pamoja, si ya mtu mmoja. Alijaribu kila kitu. Alitengeneza patasi ndogo kwa vyuma vya miavuli mibovu, akachapa kwenye magunia, akachapa kwenye mifuko ya saruji, akajaribu rangi ya udongo mwekundu ikamkatalia. Majirani waliguna. "Miaka yote hiyo chuoni, halafu unakuja kuchonga mbao na watoto?" Yeye aliwacheka tu na kuwapa watoto patasi.

Watoto wenyewe walikuwa Dorkas, Deo na Esta, wote wa darasa la saba. Zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Faith, aliyekaa dawati moja na Dorkas tangu darasa la kwanza, na ambaye homa ilimchukua msimu wa kuvuna alizeti ulipoanza. Tangu azikwe, ghalani hapakuwa na utani tena. Upepo wa kipupwe ulipiga bati kutwa nzima, na wale watatu waliobaki walichonga bila kuzungumza, kila mmoja akijitahidi asitazame kigoda kilichobaki kitupu.

Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa nzito. Mama Faith hakuwa na picha ya mwanawe. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupokea tu. Picha pekee ilikuwa ile ya darasa zima, waliyopigwa wakiwa la nne. Faith yuko mstari wa nyuma, uso mdogo kama punje ya mtama, tena amefumba macho. Siku ya msiba mama huyo alizunguka kwa majirani akiuliza kama kuna aliyewahi kumpiga mwanawe picha, hata ya bahati mbaya. Hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo Redempta alipokumbuka kwamba aliwahi kumchora Faith kwa penseli, ameinamia meza, anatabasamu.

"Tutamchapa," alisema. "Arobaini ikifika, mama yake atakuwa na uso wa mwanawe ukutani."

Mchoro ulibandikwa juu ya ubao, ukachongwa pamoja na ubao wenyewe mpaka karatasi yote ikaisha. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, mchoro hauponi. Deo, mwenye mkono mtulivu, alipewa macho. Esta alipewa nywele na kola ya shati. Dorkas alipewa mdomo na mashavu. Ubao ulikuwa huo mmoja kwa rangi zote tatu. Kwanza walichapa njano iliyofifia kwenye karatasi kumi na mbili. Kisha waliuchonga zaidi ubao uleule, wakachapa kahawia juu ya ile njano. Mwisho wangeuchonga tena, wabakize mistari michache tu ya kuchapwa kwa wino mweusi: nyusi, mboni, ukingo wa mdomo, nywele.

"Sikilizeni," Redempta aliwaambia kabla ya kuchonga mara ya mwisho. "Tukishachonga hapa, ile njano na ile kahawia haziwezi kuchapwa tena. Ubao hauoti. Karatasi hizi ndizo tulizonazo duniani."

Wiki hiyo zamu ya kutunza wino ilikuwa ya Dorkas. Wino mweusi ulikuwa kopo moja, lililokuja na Redempta kutoka Dar es Salaam, na mjini hapakuwa na pa kupata jingine. Sharti lake lilikuwa rahisi: ukimaliza, funika uso wa wino kwa nailoni, kisha funga kifuniko. Wino wa namna ile ukiachwa wazi hushika ngozi juu, kama maziwa yaliyochemshwa, na ngozi hiyo hukauka ikawa ngumu.

Ijumaa jioni Dorkas alikuwa anachota wino kujaribu rola ya kuupaka ubaoni, mara akasikia sauti ya mama yake kutoka ng'ambo ya mawe. "Dorkas! We Dorkas! Mbuzi wameingia kwenye alizeti!" Alitimua mbio. Alizeti ya msimu mzima ilikuwa imeanikwa uani, na mbuzi hawajui kwamba hicho ndicho chakula cha watu cha mwaka. Waliwafukuza, wakazoa, wakapepeta, giza likaingia. Kopo lilibaki wazi mezani. Jumamosi hakulikumbuka, Jumapili alikwenda kanisani.

Jumatatu alifika ghalani wa kwanza, akaona. Ngozi ilikuwa nene, imechimba hadi karibu na kitako cha kopo. Aliibandua kwa kisu. Wino mzuri uliobaki chini yake haukutosha hata nusu ya kazi. Angesema nini? Dada Redempta angemtazama kwa yale macho yake yaliyochoka, na wenzake wangesema kwamba yeye, rafiki wa Faith kuliko wote, ndiye aliyemharibia. Aliogopa hilo kuliko kiboko.

Sasa, mtu wa Singida akikwama, mkono wake huenda kwenye chupa ya mafuta ya alizeti. Tunakaangia, tunajipaka kifuani tukikohoa, tunatia kwenye bawaba za mlango unaolia. Dorkas naye alikimbia nyumbani, akachota mafuta kwenye kikombe, akarudi akayamimina kwenye kopo, akakoroga. Wino uliongezeka, ukalainika, ukang'aa. Ile ngozi ngumu aliitupa chooni. Wenzake walipofika walimkuta ameshaanza kusambaza wino kwenye kioo, na hakusema neno.

Siku hiyo walichapa karatasi zote. Walisugua mgongo wa kila karatasi kwa kijiko, wakainua pembe taratibu, na Faith akatokea. Alitokea na tabasamu lake, na lile jicho la kushoto lililokuwa dogo kidogo kuliko la kulia. Esta aliangua kilio. Deo aligeukia ukutani asionekane.

"Wino umekubali leo," Redempta alisema, akimgusa Dorkas begani. "Umekoroga vizuri."

Dorkas aliinamisha kichwa. Sifa ile ilimchoma.

Picha zilianikwa kwenye kamba. Alhamisi Redempta alilazimika kwenda Kiomboi, kumwona shangazi yake aliyelazwa, akamwachia Deo kazi ya kuzishusha. "Uguse kwanza," alimwambia. "Zikiwa kavu, zipange katikati ya magazeti, weka ubao na jiwe juu zinyooke. Zikiwa mbichi, ziache hapohapo."

Dorkas alikuwa amesimama karibu, anasikia kila neno. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Lakini alijidanganya kwamba mafuta nayo hukauka, mbona yakimwagika mezani baada ya muda hayaonekani? Akanyamaza.

Deo aligusa. Aligusa pembeni, kwenye njano, maana hakutaka kuacha alama ya kidole usoni mwa Faith. Palikuwa pakavu kabisa. Akazishusha moja moja, akazipanga, akaweka ubao, akaweka jiwe.

Redempta alirudi Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja arobaini ifike, na wote wakakusanyika mezani kufunua. Gazeti la kwanza halikubanduka. Redempta alipolivuta lilitoka na nyusi na mdomo wa Faith. La pili vivyo hivyo. Maandishi ya magazeti yalikuwa yamejichapa juu ya macho yake, na kuzunguka nywele palikuwa na doa la mafuta lililopenya hadi nyuma.

"Kama karatasi ya kufungia maandazi," Esta alinong'ona. Zilikuwa hivyo zote kumi na mbili.

"Deo! Nilikuambia uguse kwanza!"

"Niligusa, dada. Palikuwa pakavu."

"Pakavu? Na hii ni nini?"

"Dada, haki ya Mungu niligusa..."

"Usiniapie! Haraka zako hizi ndizo zimetufikisha hapa. Nenda nyumbani. Sitaki kukuona humu."

Deo aliiweka patasi yake mezani taratibu, akatoka bila kugeuka nyuma. Dorkas alifungua mdomo, kisha akainama kuokota vipande vya magazeti.

Habari hazina miguu ila hufika. Jumatatu shule nzima ilijua kwamba Deo ndiye aliyemharibu Faith. Wapo waliomzomea, wapo waliohama kwenye benchi alipokaa. Hata Esta, ambaye nyumba yao na ya kina Deo zinatazamana, alipita kando yake kama hamjui. Jumanne Deo alikaa peke yake mapumziko yote. Jumatano hakuja shule. Dorkas alishindwa kula. Mama yake alimpapasa shingo kuona kama ana homa, naye akasema yuko salama.

Jioni hiyo alikwenda bombani na ndoo yake. Mama Faith alikuwepo kwenye foleni, amevaa khanga za msiba, amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia Jumamosi mnamleta Faith." Alijitahidi kutabasamu. "Nimeshapigilia msumari ukutani. Asubuhi nikiamka nautazama."

Alikuwa hajaambiwa. Hakuna aliyethubutu. Dorkas aliiacha ndoo kwenye foleni, akaondoka mbio mpaka ghalani. Alimkuta Redempta peke yake, ameuweka ubao magotini, anaufuta kwa kitambaa.

"Dada, si Deo," alisema kabla hata ya kusalimia. "Ni mimi." Akaeleza yote: mbuzi, kopo, ngozi aliyoitupa chooni, kikombe cha mafuta. Alisema haraka asije akajizuia.

Redempta alimsikiliza mpaka mwisho. "Mafuta ya kupikia," alisema. "Hayakauki kama ya wino, Dorkas. Na kwenye baridi hii ndiyo kabisa." Hakupaza sauti, na Dorkas alitamani angepaza. "Ungeniambia siku ileile, tungetumia wino uliobaki tukachapa karatasi tatu au nne, nyingine tukaziacha. Moja tu ilimtosha mama yake. Unajua hilo?"

Dorkas hakuwa amelijua. Alilia kwa uchungu, akakaa chini kwenye vumbi la ghala.

"Kazi ya pamoja iko hivi," Redempta aliendelea. "Mwenzako anaweka mkono wake pale ulipotoa wako. Usipomwambia ulichokiharibu, unampa kesi yako aibebe yeye. Deo ameibeba siku zote hizi." Kisha akauweka ubao mezani. "Na mimi nilimfukuza bila kumuuliza hata swali la pili. Simama, twende kwao."

Walimkuta Deo nyuma ya nyumba, anamwagilia mchicha. Dorkas alimwambia hukohuko, amesimama kwenye tope la bustani. Deo aliendelea kumwagilia mpaka ndoo ikaisha maji.

"Mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi," alisema hatimaye. "Nilikuwa nakitazama kidole changu hiki, najiuliza labda kweli sikugusa."

"Nisamehe, Deo."

"Na mimi nisamehe," Redempta alisema. "Nilikuonea."

Deo alitazama mchicha. "Dada, wewe nimekusamehe. Dorkas, sijui. Ila kazi ya Faith nitakuja kuifanya."

Hilo Dorkas alilipokea. Alijua hakustahili zaidi ya hapo.

Ubao ulikuwa bado na ile mistari ya mwisho, lakini njano na kahawia zilikwisha kwenda na maranda ya mbao sakafuni, na wino haukuwepo. Redempta alirudi kwenye majaribio yake. Alichanganya masizi na maji, yakachuruzika. Akachanganya masizi na gundi, ikang'ang'ania rola. Alipopika uji mzito wa unga wa ngano na kuukorogea masizi yaliyosagwa, wino ule ukakubali, na jambo la maana zaidi, ukakauka wakiwa wanautazama. Kilichotakiwa sasa ni masizi ya kutosha, na kazi ya kuyatafuta alipewa Dorkas.

Alizunguka Mwankoko nyumba kwa nyumba na kopo na kijiko, akikwangua masufuria. Kila mlango akina mama walimuuliza, "Masizi ya nini, mtoto?" Naye kila mlango alijibu vilevile: "Ya picha ya Faith, mama. Ile ya kwanza niliiharibu mimi kwa mafuta. Deo hakukosa." Wengine walimhurumia. Wengine walisonya na kumwambia akwangue aende zake. Kwa kina Esta alikwangua muda mrefu, na Esta akamsindikiza mpaka kwa Deo, amebeba aibu yake mwenyewe.

Ijumaa Redempta na watoto watatu walichapa picha chache kwenye karatasi nyeupe. Faith alitokea kwa mistari myeusi tu, bila rangi ya ngozi yake, bila ule mwanga wa njano. Ni yeye, lakini alionekana yuko mbali. Hakuna aliyelia safari hii. Walimwanika, wakamgusa, wakasubiri, wakamgusa tena.

Siku ya arobaini ibada ilifanyika, watu wakala, na wageni walipoanza kutawanyika Redempta aliwaita watoto ndani. Dorkas ndiye aliyeishika picha kwa mikono miwili. Mama Faith aliipokea, akaisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Ndiye," alisema. "Jicho lake hili. Ndiye."

Dorkas angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisema, "Mama, kulikuwa na nyingine, za rangi. Niliziharibu mimi. Nikaficha, na Deo akatupiwa lawama." Akaeleza tena, mbele ya wote waliokuwemo.

"Zilikuwa na rangi gani?" Mama Faith aliuliza.

"Kahawia, mama. Kama yeye mwenyewe. Na njano pembeni."

Mama Faith alifumba macho. "Ningependa kuziona," alisema.

Dorkas alidhani sasa atafukuzwa. Badala yake mama yule aliketi kwenye mkeka, picha mapajani.

"Watu hamjui hili," alisema. "Faith alianza kuumwa Jumanne. Mimi nilijua Ijumaa. Kila asubuhi nilimuuliza, umeamkaje? Akaniambia, salama mama. Nilikuwa na vitunguu vya kupeleka mnadani, hakutaka nikose soko kwa ajili yake. Alikuwa anameza vidonge vya maumivu, anajikaza, anakwenda shule. Hospitalini daktari aliniuliza, mama, mbona mmechelewa? Msibani nilisikia watu wakinong'ona, mficha maradhi kifo humuumbua. Iliniuma sana, ila sikuweza kuwabishia."

Aliwatazama watoto mmoja baada ya mwingine.

"Mnadhani mkificha mnatupunguzia mzigo sisi wakubwa. Hamtupunguzii, wanangu. Mnatunyima nafasi ya kuwasaidia. Ugonjwa ukisemwa mapema una dawa. Kosa likisemwa mapema ni kosa tu, linarekebishika, na halimwangukii mwingine. Tutagomba, ndiyo, tutagomba sana. Halafu tutasimama tutafute la kufanya. Lakini tusichokijua hatuwezi kukitibu."

Nje upepo ulikuwa unavuta turubai la msiba.

"Deo, njoo hapa. Macho haya ulichonga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na nywele?"

"Mimi, mama," alisema Esta.

"Na mdomo huu wa mwanangu?"

Dorkas alisogea, akapiga magoti kando ya mkeka. Alitaka kusema kwamba aliuchonga akikumbuka jinsi Faith alivyokuwa akicheka darasani kwa kuziba mdomo na daftari, lakini sauti ilimkatika katikati, machozi yakamzidi. Mama Faith alimshika mkono, hakumharakisha.

"Sema, mwanangu," alimwambia. "Mimi nasikiliza."